Moshi wa Nyumba ya Nangwa

Fransiska alikosea jambo moja tu: alihamisha vyombo kabla ya kupokea hela za nyumba aliyokuwa akiiuza. Magunia, sufuria na mbuzi vilikwisha kutangulia Gitting kwa dada yake. Hatibu, mfanyabiashara wa Katesh, alipofika Nangwa na mashahidi kuandikishana, aliikuta nyumba tupu.

"Shikamoo, Mama Violeth. Naona bati zimechoka. Nitatoa milioni kumi."

"Marahaba. Tulikubaliana kumi na mbili."

"Hiyo ilikuwa juzi, mama. Na wewe si umeshahama?"

Mashahidi wakainamisha macho. Mume alipomkimbia, nyumba hii ndiyo pekee aliyomwachia, na mwenye kiwanja alichotaka kununua kule Gitting hakuwa mtu wa kupunguza hata shilingi. Akikubali kumi, atazeekea jikoni kwa dada yake.

Alikwenda kwa jirani, akarudi na makaa kwenye kigae na sufuria ya kuazima. Akawasha moto kwenye mafiga, akabandika maji. Moshi ukapenya kwenye zile bati zilizochoka.

Hatibu alisimama mlangoni. "Unafanya nini, mama?"

"Napika uji. Mimi niko kwangu."

Nje, lori lake lilisubiri na saruji, na mafundi wawili aliokwisha kuwalipa. Hatibu akalitazama lori, akautazama moshi. Fransiska alikuwa akikoroga maji matupu, maana unga ulikuwa Gitting, huku akimwomba Mungu Hatibu asisogee kuchungulia.

"Haya, kumi na mbili," alisema Hatibu. "Zima huo moto."

"Hesabu hela mbele ya mashahidi kwanza," alijibu, akiendelea kukoroga.