Maoni ya Mvuvi Kuhusu Gemu ya Ziwa

"Gemu mbovu haina tabu," kaka yangu alikuwa akisema. "Unaizima, basi. Tabu ni gemu ya wastani. Inakula siku yako nzima huku ukisubiri ianze kuwa nzuri."

Siku alikuwa nazo nyingi. Alipoanza kusema maneno hayo alikuwa amelala nyumbani kwa mama, Litembo, kwa zaidi ya mwaka mmoja, na kuanzia kiunoni kwenda chini mwili wake haukusikia kitu. Alikuwa ametoka Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, alikooa na kuvua, akija kumsaidia mama kupalilia. Alipakiwa kwenye bodaboda pamoja na gunia la usipa, dagaa wa ziwani, aliomletea. Kwenye mteremko mmoja wa kijiji cha Ruanda pikipiki iliteleza kwenye tope. Dereva aliinuka akiwa na michubuko ya viwiko. Kaka hakuinuka.

Wifi yangu alikaa naye miezi ya mwanzo, akimgeuza na kumwosha, kisha akarudi Liuli kwa watoto na shamba la mihogo. Hakuna aliyemlaumu. Alisema atakuja kila atakapoweza, na kadiri muda ulivyokwenda aliweza mara chache zaidi.

Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye steshenari mjini Mbinga. Nilichapa barua za maombi ya kazi, ratiba za mazishi, mikataba ya viwanja, maneno ya watu wengine kutwa nzima. Ijumaa jioni nilipanda Litembo, Jumapili mchana nikarudi. Ukuta wa steshenari uliungana na kibanda cha gemu, na mwenye kibanda alikuwa mtu wa umri wangu, mpole, asiyepandisha sauti hata vijana walipogombania pedi za kuchezea. Nilimchapia matangazo yake mara nyingi. Aliposikia habari za kaka, alitoa mashine ya zamani iliyokuwa chini ya meza, pedi moja ambayo kitufe chake kilifungwa kwa mpira, na diski chache.

"Akae nayo tu," aliniambia. "Mimi siidai."

Niliibeba kwenye boksi la karatasi, katikati yangu na dereva wa bodaboda, nikiikumbatia njia nzima. Mama aliingia chumbani siku ile ya kwanza, akasimama mlangoni akitazama watu wanaokimbia na kuanguka kwenye runinga. Aliuliza kama wale wote ni wazima. Kaka alimjibu kwamba ni wazima kuliko yeye mwenyewe kitandani. Mama akarudi jikoni.

Kaka alijifunza haraka. Mikono yake ilikuwa mikono ya mtu aliyevuta nyavu miaka kumi na nne, na ilikuwa haijapata kazi kwa muda mrefu. Umeme ulipokuwepo alicheza. Ulipokatika alilala akitazama dari na kuifikiria gemu aliyoiacha katikati, na nilipofika Ijumaa alikuwa ameshaandaa la kusema. Alilisema wakati nikimsafisha vidonda vya mgongoni. Nadhani aliuchagua wakati huo makusudi, ili sote wawili tuwe na kitu kingine cha kusikiliza.

Gemu ya mpira aliisema kwamba ni ile ile ya mwaka uliopita, wamebadilisha jezi na nywele. Gemu ya vita aliilaumu kwa milango. "Mji mzima una nyumba, na nyumba zote zina milango, na mlango mmoja tu ndio unafunguka. Sasa hizo nyumba nyingine wamejenga za nini?" Gemu ya magari ilikuwa na barabara nzuri kuliko zote alizowahi kuona, na hakukuwa na mtu pembeni yake, wala mbuzi, wala mama mwenye ndoo. Alisema aliendesha kwa saa nzima akaanza kuogopa.

Nilianza kuyaandika kwenye simu, kwanza ili anyamaze kidogo, baadaye kwa sababu yalikuwa mazuri. Nikafungua ukurasa mtandaoni. Sikuweka jina lake. Chini ya kila andiko niliandika: maoni ya mvuvi mmoja. Watu walianza kusoma, Mbinga, Songea, hata mbali zaidi. Walibishana naye, wakamtukana, wakauliza ameonaje gemu fulani. Kaka alikuwa na simu ya kitochi tu, kwa hiyo kila Ijumaa nilimsomea majibu yote, na yeye akiwa amelala kifudifudi alicheka mpaka nikalazimika kusitisha kazi yangu mgongoni mwake.

Ndipo likaja tangazo la gemu ya ziwa. Mwenye kibanda alinionyesha video yake kwenye simu: ziwa refu kati ya milima, mitumbwi, nyavu, wavuvi weusi, maji yaliyong'aa mpaka macho yakauma. Hawakutaja ni ziwa gani. Nilimwonyesha kaka Ijumaa ile. Akaniambia nirudie. Nilirudia mara sita au saba. Alikuwa akitafuta kitu kwenye picha, na mwishoni alikiona, mwamba fulani uliosimama majini karibu na ufuko.

"Hapa wamefika," alisema. "Huyu aliyechora amefika kwetu."

Sikuamini, lakini sikumpinga. Alisubiri gemu hiyo miezi minane. Wakaahirisha, akasubiri tena. Katika miezi hiyo vidonda viwili vya mgongoni vikawa kimoja. Muuguzi aliyekuwa akimtembelea alituambia mimi na mama, nje, karibu na miti ya kahawa, kwamba kimefika kwenye mfupa. Hatukumwambia kaka. Alijua kwa harufu.

Gemu ilipotoka, mwenye kibanda aliipata mapema. Alikuwa ameitangaza sana. Nilimchapia mwenyewe tangazo la ukurasa mzima, akalibandika mlangoni, na watu walikuwa wakipita kuuliza. Kwa sababu ile mashine ya kwanza isingeiweza, alimwazima kaka mashine mpya zaidi, ya kwake mwenyewe, ile ya zamani nikamrudishia. Niliipandisha Litembo Ijumaa hiyo, na Jumamosi asubuhi kaka alianza.

Nilikuwa naye chumbani. Saa ya kwanza alitabasamu tu. Alitoa mtumbwi ufukweni, akatafuta mwamba wake. Ulikuwepo. Alipousogelea mtumbwi ulipita katikati yake kama unapita kwenye moshi. Alirudi nyuma akajaribu tena. Akatupa wavu, wavu ukatoka umejaa. Akautupa pengine, ukatoka umejaa vile vile, samaki wale wale, walikuwa kama magege lakini rangi ya chungwa. Mtumbwini alikuwa na mwenzake, mzee mwenye kofia, aliyejua sentensi nne za Kiingereza na kuzizungusha.

Mchana upepo uliinuka kwenye gemu. Kaka alijaribu kugeuza mtumbwi uelekee wimbi, kama mtu yeyote wa Nyasa angefanya. Haikusaidia, ukapinduka. Kioo kikawa cheusi kwa muda mfupi sana, kisha yeye na mzee mwenye kofia wakawa wamesimama ufukweni, wakavu, na samaki wote wakiwa kwenye kapu. Mzee akasema sentensi yake ya pili.

Kaka aliweka pedi kifuani.

Miaka michache kabla ya ajali yake, mtumbwi wao ulipinduka mbele ya Liuli. Walikuwa wawili. Mwenzake alionekana siku ya nne, upande wa Mbamba Bay. Kaka ndiye aliyeitwa kwenda kumtambua, na alimtambua kwa mkanda. Hakuwahi kunisimulia, nilisimuliwa na wifi.

"Chukua simu uandike," aliniambia.

Aliongea muda mrefu bila hasira. Alisema maji ya gemu ile hayana uzito. Alisema wavu unaojaa kila ukitupwa haumfundishi mtu kitu kuhusu samaki wala kuhusu wavu. Alisema waliochora wamefika ziwani, wamepiga picha za milima, wameondoka bila kumuuliza mtu hata mmoja anaogopa nini. Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyo: "Hawa wametengeneza ziwa ambalo haliui. Mimi nimelala hapa, ningependa ziwa kama hilo liwepo. Lakini halipo, na mtu aliyekufa ziwani asifanyiwe mchezo wa kurudi mkavu. Ingekuwa gemu mbovu ningecheka. Hii ni ya wastani, na wastani kwenye jambo kama hili ni dharau."

Niliyaandika yote. Jumatatu nilikuwa steshenari, simu mkononi, nikisahihisha herufi, mwenye kibanda alipoingia kunisalimia. Aliuliza mvuvi ameionaje. Nikampa simu asome.

Alisoma taratibu, akairudisha juu ya meza.

"Dada, watu wanakusoma sana siku hizi," alisema. "Mimi nimeshawaambia wote hii gemu ni nzuri. Wakisoma haya, nitafanyaje?"

"Ni maoni yake."

"Najua. Sikukatazi. Punguza kidogo tu." Alitazama nje. "Ile mashine sisemi nitaichukua. Akae nayo. Mimi najua hali yake."

Hakutishia, na mpaka leo sina la kumlaumu. Lakini niliifikiria ile mashine ikirudi Mbinga kwenye boksi, na kaka akibaki na dari. Nilikaa peke yangu dukani nikafanya kazi ninayoijua. Nilibakiza mwamba, kwa kuwa ulichekesha. Nilibakiza sentensi nne za mzee. Ziwa lisiloua nililifuta. Dharau niliifuta. Mahali pake nikaandika kwamba gemu ina mapungufu madogo, ila mandhari yake yanapendeza, na ni mchezo tulivu unaofaa kwa familia. Chini nikaweka: maoni ya mvuvi mmoja.

Ijumaa nilimsomea majibu ya wasomaji. Yalikuwa ya upole kupita kawaida na aliyashangaa. "Hakuna aliyekasirika?" aliuliza. Nikamwambia labda wameelewa.

Wiki mbili baadaye, Jumapili baada ya misa, katekista alikuja kumpa kaka komunyo. Ni mzee anayetumia simu kubwa na kusoma kila kitu. Nilikuwa jikoni na mama, na ukuta wa jikoni yetu ni mwembamba.

"Nimesoma yale uliyosema kuhusu gemu ya ziwa," nilimsikia akisema. "Umesema kwa upole. Mtu aliyepitia yako angeweza kuwa na uchungu."

"Shikamoo tena, mzee," kaka alisema, kana kwamba ndio kwanza anaamka. "Unayo hapo? Nisomee."

Katekista alisoma yote mpaka mwisho, kwa sauti ile ile anayosomea masomo kanisani. Mapungufu madogo. Mandhari yanapendeza. Unaofaa kwa familia. Mama alikuwa akikoroga uji na mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Alipomaliza, kaka alimshukuru, wakasali pamoja.

Nilisubiri mgeni aondoke ndipo nikaingia.

"Naweza kurekebisha," nilisema. "Sasa hivi. Nimeyatunza maneno yako yote."

"Wameshasoma."

"Kaka, niliogopa atachukua mashine."

"Angechukua." Alikuwa ametazama ukutani, maana upande ule ndio tuliomlaza asubuhi. "Wewe uliniuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilianza kueleza, nikaona maelezo yangu yanakuja yamenyooka, kama barua ya maombi ya kazi, nikaacha. Aliniomba nimletee maji. Nilipoleta alikunywa, akasema asante.

Hakunigombeza hata siku moja. Alicheza mara chache tu baada ya hapo, gemu ya magari ile yenye barabara tupu. Nilipokuwa nikimsafisha kidonda alikuwa kimya. Nilimuuliza ameonaje gemu hii au ile, naye akanijibu, "Andika wewe. Unajua watu wanataka nini." Alisema bila kejeli, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilisikiliza maji ya chumvi kwenye beseni, pumzi yake, na kuku wa mama nje. Tuliishi hivyo wiki tisa.

Homa ilimkamata kahawa ikiwa imeiva. Alikaa wodini siku tano. Siku ya nne nilimwomba anisamehe, na alifumbua macho, lakini homa ilikuwa juu na siwezi kudai kwamba alinisikia. Alikufa asubuhi, mama akiwa amekwenda kuchemsha chai. Ratiba ya mazishi niliichapa mimi.

Wiki iliyofuata nilirudisha mashine kwa mwenye kibanda, kisha nikaweka maneno ya kaka mtandaoni kama alivyoyasema, pamoja na ziwa lisiloua na dharau. Niliandika pia kwamba yale ya kwanza niliyabadilisha mimi. Watu walikuwa wameshahamia kwenye gemu nyingine. Nilipata majibu matatu. Mmoja aliandika kwamba gemu hii ni ya zamani sasa, mbona nimechelewa. Wengine wawili waliweka alama za kucheka. Sijui walimcheka nani.

Wifi alipanda kutoka Liuli kwa ajili ya arobaini. Kesho yake tulikaa kitandani pale pale alipolala kaka, tukipanga nguo zake, za kugawa upande huu na za kuchoma upande ule. Nilimsimulia habari ya gemu, kwa sababu nilitaka mtu mmoja aijue yote. Alisikiliza huku akikunja shati.

"Alinipigia simu siku ile," alisema. "Jumamosi, asubuhi, kabla hujaingia chumbani kwake. Akaniambia, mama watoto, nimerudi kazini. Nikajua utani. Alikuwa na furaha. Nikamwambia jioni nipigie unieleze umepata nini."

"Akakupigia?"

"Hapana. Nilipiga mimi. Akasema hakupata kitu."

Alimaliza kukunja shati, akaliweka upande wa kugawa. Kisha akauliza kama koti la mvua lilikuwa la kaka au la mama, na nikamwambia lilikuwa la kaka. Alilinyoosha mbele ya dirisha akitazama mishono yake, akasema bado ni zima, mtoto wao mkubwa atalivaa.