Jiwe la Pinki la Yudita

Nimechagua mawe ya pete hapa Tunduma miaka thelathini na moja. Shule niliishia darasa la tatu kule Isansa, lakini hakuna msomi aliyewahi kuniuzia chupa akaiita jiwe. Jiwe naligusisha kwenye mdomo wa chini. Chupa inapata joto upesi, jiwe linabaki na ubaridi wake. Marehemu mume wangu alinifundisha hivyo, na wa kunishinda sijamwona.

Siku hizi wanawake wanataka lile jiwe la pinki liitwalo berili. Rangi yake haipigi kelele. Ukichagua dogo utaliona jeupe tu, kwa hiyo chukua kubwa kidogo. Litazame nje, juani, maana taa ya dukani inapendezesha kila kitu. Na utafute nyufa. Hizo nyufa ndizo zilizoniponza.

Yudita wa Chapwa alikuja Jumatatu. Binti yake anaolewa Jumamosi, na yeye anataka kumvisha pete kabla hajatoka nyumbani.

"Nichagulie wewe, bibi. Macho yangu mimi ni ya kuchambua kahawa tu."

Nikaligusisha jiwe mdomoni. Baridi. Nikasema, hili hapa. Sikutoka nalo nje. Magoti yalikuwa yanauma, na tangu mwaka jana hata jua naliona lina ukungu. Hilo sikuwa nimemwambia mtu.

Nikampa Eliudi, sonara tunayekaa naye kibanda kimoja. Jumatano akaniita.

"Mama, limepasuka."

Vipande viwili kiganjani mwake.

"Umelichoma! Nimekwambia mara ngapi, pete ipoe kwanza ndipo jiwe liingie?"

"Pete ilipoa tangu asubuhi, mama. Nilikuwa nakunja vile vikucha vya kulishika."

"Kwa mkono gani? Wa mlevi?"

"Mimi Msabato, mama."

Majirani wa vibanda wakacheka. Mimi sikucheka.

Mchana Yudita akafika, akaviona vile vipande, akamgeukia Eliudi moja kwa moja. Akasema Chapwa nzima itajua, hatapata pete nyingine ya kutengeneza. Eliudi hakunitazama hata kidogo. Ana watoto watatu, na fundi akishaharibiwa jina, nani atamwachia dhahabu yake?

Nikachukua kipande kimoja, nikakisogeza karibu kabisa na jicho. Pale kilipovunjika, nusu palikuwa safi. Nusu nyingine palikuwa na wekundu wa udongo ulioganda. Ufa wa leo hauna udongo ndani yake.

"Yudita, mwache huyo," nikasema. "Ufa ulikuwemo. Nimechagua mimi, na sikuuona."

"Wewe, bibi? Usione?"

"Sioni."

Nilichoka, jamani. Nimebeba magunia ya kahawa ujana wangu wote na sijachoka namna ile.

Tukatoka nje wote watatu na mawe mengine kutoka vibanda vya jirani. Yudita anayainua juani anatafuta nyufa, mimi naonja kwa mdomo. Yeye akakataa mawili. Mimi nikakataa moja, chupa tupu, ingawa yeye alishalipenda.

Ijumaa pete ikawa tayari. Nikamwambia Yudita amweleze bintiye: aioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, mswaki laini, yasiwe maji ya moto. Aivue akifua kwa dawa ya madoa. Asiitupe kwenye kopo moja na mapambo mengine, yatakwaruzana. Na asiisugue kwa majivu kama sufuria, nawajua wanawake wetu.

"Nimesikia, bibi. Na jiwe ulilichagua wewe, nitamwambia."

"Mwambie tulilichagua wawili."

Jumatatu iliyofuata nilikuta Eliudi amekitoa kigoda changu nje, amekiweka juani. Hakuniuliza. Nikamgombeza mpaka nikaishiwa maneno, kisha nikakaa.