Siku Bubu Wetu Alipopiga Kelele

Siku hizi nikisimama barazani kwa chifu kuwatetea wahamiaji, watu huniuliza nilisomea wapi sheria. Wapi! Nilikuwa nauza njugu Thika, na kazi hii niliianzia kwenye mapokezi ya hospitali moja huko Ruiru.

Sisi Warundi wa njugu tusio na karatasi tulikuwa na mbinu yetu. Ukisimamishwa na askari, unageuka bubu. Lafudhi ingetufichua mara moja, kwa hivyo unaonyesha mdomo, unatikisa kichwa, unampa njugu za kuonja, naye anakuhurumia, anaenda zake. Mimi sikuiweza kabisa. Nina mdomo, na hasira zangu ziko karibu.

Dada mmoja, Mrundi mwenzangu niliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Witeithie, aliiweza vizuri sana. Basi asubuhi moja uchungu ukamshika, na akakataa katakata kwenda hospitali. Hana kitambulisho, atafukuzwa, au ataitiwa polisi azalie seli.

"Nitazalia hapa hapa," akasema.

"Ufe mbele yangu? Thubutu!"

Tukaelewana: yeye awe bubu, mimi niongee. Jirani mwenye gari akatupeleka.

Karani wa mapokezi akaitisha kitambulisho. Nikamwambia mama huyu ni bubu.

"Sijauliza kama anaongea," akasema. "Nimeuliza kitambulisho."

Kabla sijajibu, uchungu ukarudi. "Mawe! Ndapfuye! Mawe weee!" Alimlilia mamake kwamba anakufa, kwa Kirundi chote alichokuwa ameficha tangu avuke mpaka. Nesi mmoja akatoka mbio.

"Ngai! Bubu amepona!"

Benchi zima likacheka. Hata mimi nilicheka.

Karani hakucheka. "Kumbe si wa hapa. Sasa nitamwandika nani?"

Hapo nikawaka. "Andika Mrundi! Hana karatasi, na mimi pia sina. Lakini mtoto anakuja, na hajui mambo ya mpaka. Mwingizeni ndani kwanza, halafu uite polisi wako. Mimi siendi popote."

"Kwani ni kitambulisho kinazaa?" nesi akamuuliza karani, tayari anasukuma kiti cha magurudumu. "Twende, mama."

Nikakaa kumngoja polisi. Polisi hakuja. Mchana nesi akarudi, jasho likimtoka. "Ni msichana! Anapiga kelele kumshinda mamake!" Uuuwi, furaha niliyoisikia! Niliruka kwenye korido, nikamkumbatia nesi, nikamkumbatia mpaka mlinzi, na maskini alikuwa anakula andazi lake.

Nilikuwa bado nacheka nilipohisi mtu ananivuta sketi. Alikuwa mama mjamzito, amekaa peke yake. "Huyo achana naye," mlinzi akaniambia, "hasikii wala haongei."

Yule mama akaangalia huku na huku. Akanivuta nimwinamie, akasema sikioni mwangu kwa Kirundi, polepole, "Dada, na mimi utanisemea?"

Nikamshika mkono, tukaenda kwa karani.