Chaki Kabla ya Kiti

Jamani, siku niliyokwenda kujitambulisha ukweni nilipewa chaki kabla ya kupewa kiti.

Sitanii.

Nimefika mlangoni, shati jipya linanikaba shingo, mkononi keki niliyooka mwenyewe. Kuoka ndiyo kazi yangu. Baba wa mchumba wangu, mwalimu mstaafu wa fizikia, akapokea keki, akanitazama juu mpaka chini, kisha akanyoosha kidole ukutani.

Ubao. Sebuleni! Wenzake wanatundika picha za harusi.

"Karibu, kijana. Kuna swali pale."

Sikushtuka sana. Mchumba wangu alishanitonya kwamba baba haozeshi binti bila kumpima mkwe. Kwa hiyo wiki mbili nzima nilikuwa nakanda unga huku naimba kanuni za mchapuko usiobadilika, yaani mwendo unaopanda au kushuka kwa kiwango kilekile. Mwendo wa mwanzo, mwendo wa mwisho, mchapuko, umbali, muda. Ukijua vitatu, unapata vilivyobaki. Nilikuwa moto!

Nikasoma. Gari linakwenda mita ishirini kwa sekunde. Dereva anafunga breki, mwendo unapungua mita nne kwa sekunde, kila sekunde. Sekunde kumi baada ya kufunga breki, gari litakuwa umbali gani kutoka pale?

Moyoni nikacheka. Hili tu?

Nikaandika kwa mbwembwe. Mwendo wa mwanzo mara muda: mia mbili. Halafu nusu ya mchapuko mara muda mara muda: mia mbili nyingine. Gari linapunguza mwendo, kwa hiyo unatoa.

"Sifuri!" nikatangaza, nikapiga na mstari chini yake.

Mchumba wangu akafunika uso kwa mtandio.

"Sifuri," mzee akarudia taratibu. "Yaani mtu kafunga breki, na baada ya sekunde kumi yuko palepale alipoifungia. Breki hiyo inauzwa wapi, mwanangu, na mimi nikanunue?"

Nikaona mke anaponyoka hivi hivi, tena mchana kweupe.

Nikarudia hesabu. Sifuri. Nikarudia tena. Sifuri ileile, imekaa na kiburi chake.

Basi nikafumba macho, nikajiona kwenye pikapu yangu ya kusambazia keki. Nafunga breki. Keki zinasogea, pikapu inapunguza, inapunguza, inasimama. Inasimama! Lini breki ikakurudisha nyuma?

"Mzee, hili jibu mimi nalikataa."

"Si umeliandika mwenyewe?"

"Nimeliandika, ila ni la uongo. Mwendo unapungua kwa nne kila sekunde, ile ishirini inaisha sekunde ya tano. Limeshasimama! Kanuni haina habari, inaendelea kulivuta kinyumenyume. Naweka tano badala ya kumi."

Nikafuta, nikaandika. Mia moja toa hamsini.

"Mita hamsini!"

"Na sekunde tano zilizobaki, dereva anafanya nini?"

"Amekaa tu, mzee. Anamshukuru Mungu."

Mzee akabana kicheko mpaka masikio yakamcheza. Halafu akakunja uso.

"Lakini sifuri uliitangaza kwanza. Binti yangu nimpe mtu wa sifuri?"

Hapo hapo sauti ikatoka jikoni.

"Mwambie na wewe ulipata ngapi!"

Mama mkwe akatokea, kisu cha kukatia keki mkononi. Mzee akaanza kukohoa.

"Mke wangu, mbele ya mgeni?"

"Swali ni langu hilo," mama akaniambia. "Tulisoma darasa moja. Aliponitongoza nikamwuliza hilohilo. Kapata sifuri, na akaitetea wiki nzima! Wewe umeikataa yako hata keki haijakatwa."

"Na ukamkubali, mama?"

"Ningefanyaje? Nilishampenda."

Nilicheka mpaka chaki ikaniponyoka. Mchumba wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mzee alijikaza, akajikaza, wapi! Akaangua kicheko kuliko sisi wote, akapangusa machozi kwa kitambaa cha ubao, uso mzima ukawa mweupe.

"Haya," akasema. "Mleteeni mkwe wangu kiti."

Nisikilizeni, ndugu zangu. Kanuni ni tamu, lakini ukipata jibu litazame usoni kabla hujalitangaza. Na gari likishasimama, acha kuhesabu.

Leo ubao ule uko sebuleni kwangu. Binti yetu ana miaka minne tu, lakini mimi chaki nimeshanunua.