Sanduku la Vijiko

Kadibodi iliyotandikwa chini ya pikipiki ilikuwa na doa. Fundi wa miwani aliliona hata kabla hajaweka begi chini. Kila tarehe mosi yeye hutandika kadibodi mpya pale barazani nyuma ya nyumba, ili pikipiki ikiwa na neno iseme yenyewe. Siku nne zilizopita, alipoondoka kwenda kumuuguza mama yake hospitalini, kadibodi ilikuwa kavu. Sasa ilikuwa na doa la ukubwa wa sahani. Akachuchumaa, akachovya kidole, akanusa. Oili mpya. Tena imedondoka upande wa kulia, chini ya klachi, mahali ambapo kwenye pikipiki ile hapatakiwi oili hata tone moja, kwa sababu klachi yake imeundwa kufanya kazi ikiwa kavu.

Akatazama skrubu za kifuniko. Moja ilikuwa imechubuka kichwa. Usukani, ambao huuacha umefungwa kwa kuelekea kushoto, ulikuwa umenyooka mbele. Basi mtu alikuwa na ufunguo. Na ufunguo wa akiba alikuwa nao mtu mmoja tu, kaka yake mkubwa.

Alimpa yeye mwenyewe, miaka tisa iliyopita, kwa heshima. Baba yao alikwisha kufariki, na mwanamke anayeishi peke yake akipatwa na jambo ni lazima awepo wa kuja kufungua na kusogeza. Hivyo ndivyo alivyowaza wakati ule. Sasa damu ilikuwa ikimchemka masikioni.

Pikipiki yenyewe ilikuwa nyekundu, ya Kiitaliano, ya mbio, yenye silinda mbili na kiti cha mtu mmoja, na umri wake ulikuwa mkubwa kuliko wa nusu ya watu wa mtaa ule. Aliinunua kwa daktari wa meno mmoja mzee ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemsagia lenzi za miwani kwa miaka kumi na moja, kila mara nene kuliko zilizotangulia, hadi siku mzee aliposema hawezi tena kusoma mshale wa spidi na hataki kumwua mtoto wa mtu. Alimkabidhi funguo mbili na daftari la matengenezo, akamwambia, "Itakugongea kama sanduku la vijiko. Usiogope. Siku ikinyamaza ndipo uogope."

Tangu hapo daftari lile lilikuwa na mwandiko wa watu wawili. Mikanda ya injini kila baada ya miaka miwili, hata kama haijatembea. Oili, plagi, minyororo. Mafundi wa mjini waliikataa, mmoja alisema Mtaliano huyu ana roho ya bibi harusi, kwa hiyo akajifunza mwenyewe, jioni baada ya kufunga duka, kwa mikono iliyozoea kufanya kazi ya nusu milimita. Kila Jumapili alfajiri huiendesha hadi lami inapokwisha, kilomita sitini na mbili, na kurudi. Saa mbili zile ndizo pekee katika juma ambazo hakuna mtu anayemwambia atulie nyumbani au afikirie umri wake.

Alikuwa bado amechuchumaa geti lilipofunguliwa. Kaka yake aliingia akiongea kwa sauti ya mwenye nyumba, na nyuma yake mwanamume mgeni aliyeshika helmeti kwapani. Kaka alipomwona alisimama kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Mdogo wangu. Tulijua unarudi kesho. Mama hajambo?"

"Hajambo, wamemruhusu. Huyu ni nani?"

Kaka akajikohoza. Akaeleza kwa upole mwingi, ule upole wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba walikuwa wamekaa kama familia, wakaona miaka hamsini na miwili si umri wa kulalia tanki la pikipiki, hasa baada ya kuanguka mwaka jana, na kwa bahati nzuri amepatikana bwana huyu anayezipenda pikipiki za zamani.

"Mmekaa familia ipi?" aliuliza. "Mimi na mama tulikuwa hospitali."

Mgeni akatazama viatu vyake. Kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Akasema kwamba alidhani mwenye mali amekubali, na kwamba anaweza kuondoka. Fundi wa miwani alitaka kumwambia aondoke. Lakini macho yake yakarudi kwenye lile doa, na hasira yake, iliyokuwa ya moto, ikaganda ikawa baridi.

"Umetoka mbali. Ijaribu."

Kaka akatoa ufunguo wa akiba mfukoni, haraka, kabla mdogo wake hajageuza kauli. Injini ikawaka. Ule mgongano wa vijiko haukusikika. Ilinguruma kwa mbali, kama imejifunika blanketi.

"Sikia," kaka akamwambia mgeni. "Kimya kama friji."

Kaka alikuwa fundi wa pampu za maji kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Katika ulimwengu wake chuma kinachogonga ni chuma chenye kiu, na chenye kiu hunyweshwa. Hakuwahi kuuliza kwa nini hii inagonga, wala hakujua kwamba klachi kavu ndivyo inavyolia. Kumwuliza mdogo wake swali la ufundi kungekuwa kuvua suruali sokoni.

Mgeni akapanda, akaingiza gia, akaachia klachi. Injini ikapiga kelele, pikipiki ikatambaa kama konokono. Kwenye mwinuko mdogo wa getini ilisimama kabisa, huku injini ikiendelea kupayuka. Akaizima, akairudisha kwa kuisukuma.

"Mzee, klachi inateleza hii. Haivuti."

Hapo kaka akafanya jambo ambalo mdogo wake hatalisahau. Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Si nilisema? Mkweche. Nimemwambia miaka yote kwamba imeoza, hasikii."

"Kaka," alisema. Hakupandisha sauti. "Uliweka oili kiasi gani?"

Kaka akaficha mikono mifukoni.

"Kidogo tu. Kikombe."

Mgeni alimgeukia. "Oili? Kwenye klachi kavu?" Akavaa helmeti yake taratibu, labda ili asionekane anacheka. Getini alisema, "Dada, siku ukitaka kuiuza mwenyewe, nipigie."

"Sitakupigia."

Kaka naye akapiga hatua kuelekea getini. Mdogo wake alikuwa amekwisha kuleta kigoda, karai na spana, akaviweka mbele yake. "Ulijua kufunga. Fungua."

Akafungua. Oili iliyobaki ikamwagika, nusu kwenye karai, nusu kwenye viatu vyake vya ngozi vya kuendea mikutano. Mdogo wake alizitoa springi sita, kisha sahani za klachi moja moja, akazipanga juu ya gazeti kwa mfuatano wake. Akaziosha kwa petroli, maji mawili, matatu. Alileta kutoka kazini kioo chake cha kupimia ubapa, akatandika msasa juu yake, akasugua kila sahani kwa mviringo, kisha akaipima unene kwa kipimo kilekile cha lenzi na kuandika daftarini. Kaka aliyekaa kigodani aliambiwa afute, akafuta.

"Nilitaka mema," kaka akasema hatimaye. "Ulipoanguka mwaka jana sikulala."

"Nilianguka mara moja, gari liliponikata mbele. Wewe umeanguka mara tatu kwenye ngazi za pampu. Nani aliziuza ngazi zako?"

Kaka akachukua sahani nyingine, akafuta.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ungeuliza tu, Kaka. Neno moja."

Saa kumi na moja jioni alifunga kifuniko na kuiwasha. Vijiko vikagonga. Aliibana klachi, vikagonga zaidi, na jirani mmoja akafunga dirisha kama kawaida yake.

"Ufunguo," alisema, akinyoosha mkono.

Kaka akapapasa mifuko. Mgeni alikuwa ameuacha kwenye swichi. Ulikuwa papo hapo, ukining'inia, na ndio uliokuwa umeiwasha injini. Mdogo wake aliona aibu kwa niaba yake. Ndipo akakumbuka kwamba kaka yake hana kitu asichokiwekea akiba.

"Si huu. Ule uliochongesha."

Alisema kwa kubahatisha, lakini uso wa kaka ukamjibu. Ulikuwa nyumbani, droo ya juu, kwa usalama tu.

"Twende."

"Kiti ni kimoja."

"Najua."

Kaka akatembea mitaa minane na viatu vyake vya oili. Yeye alimtangulia, akasimama mbele ya geti la kaka, injini ikiwaka, mkono ukiibana klachi ili sanduku zima la vijiko lisikike. Wifi yake alichungulia, akarudi ndani. Watoto wa jirani wakapanda ukutani kutazama. Kaka alipofika hakumtazama mtu. Aliingia, akatoka na ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha glavu.

Neno asante lilimjia mdomoni kwa mazoea ya miaka hamsini na miwili. Akalimeza, akafunga zipu ya mfuko, akaondoka.