Shali Niliyomnunulia Mama

Stashahada yangu ya lugha niliipata Ujerumani kwa jasho langu, mchana nikisoma, jioni nikisugua masufuria ya hoteli. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo wauguzi wanaotaka kwenda kule hunifuata mtaani kwangu Chaani, na Changamwe nzima sijamwona anayefundisha kama mimi.

Kinachowatesa ni yambwa, yaani mtendwa na mtendewa katika sentensi. Mjerumani hubadilisha kineno kinachotangulia nomino: kitu kinachotolewa kina chake, anayepewa ana chake. Hata ukivuruga mpangilio wa sentensi, mpokeaji hapotei. Sisi humtia ndani ya kitenzi, "nampa", yakaisha. Ili waelewe, mimi huwapa kitu mkononi. Nilitumia shali ya sufu niliyomnunulia mama, aliyefariki Likoni kabla sijarudi. Nilikuwa nikisema kwa Kijerumani, "Nampa mama shali," na mwanafunzi anaipokea.

Siku moja binti mmoja wa bara aliipokea, akainusa.

"Mwalimu, mamako anapenda udi sana, eh?"

Shali nilikuwa nikiiweka katika sanduku la nguo la marehemu mama. Nilijua harufu ilikotoka, nikaikunja shali, na kipindi kikaishia hapo. Juma zima sikuweza kuitamka sentensi ile.

Nikavuka kwa feri kwenda Likoni kwa dada yangu.

"Nguo zote za mama tulimpa aliyemwosha, kama ada," akasema. "Wewe ukaificha hiyo shali."

"Hakuwahi kuivaa. Si yake."

"Wallahi kaka, vyeti unavyo, haya huna! Uliinunua kwa nia ya nani? Mpe mwenye haki yake."

Mwosha maiti anakaa nyuma ya soko, bibi mwembamba mwenye sauti nzito.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Ulaya? Umechelewa."

Nikampa shali, akajitanda palepale, na joto lote lile. Kisha akanitazama.

"Mwosha hasemi aliyoyaona. Ila hili lako, nitakwambia. Nilimnyoosha mamako viungo vyote vikatii. Kiganja cha kulia kilikataa kufumba. Kilibaki wazi hivi, kama anayengoja kupewa."

Nilimbusu mkono nikatoka.

Sasa darasani natoa kalamu, na nasema nampa rafiki. Wanafunzi wangu wanafaulu kuliko wa mtu yeyote. Ila wanaponyoosha kiganja kuipokea, mimi hutazama dirishani.