Wazee Wanne Walioitikia Jina Langu

Nilishtakiwa mahakamani hapa Buffalo, ugenini, maana nilimwacha mtoto peke yake nikakimbilia zamu kiwandani, jirani akaita polisi, na sasa serikali ingeweza kumchukua mwanangu. Karani akaita jina langu, nikasimama, na wazee wanne wa jamii yetu wakasimama pia, kofia mkononi.

"Ameitwa mama tu," jaji akasema.

"Bon, haya, Mheshimiwa," mzee mmoja akajibu kupitia mkalimani, "huyu ni binti yetu. Kosa lake ni letu. Mtoto tutamlinda kwa zamu."

Jaji akawatazama mmoja mmoja, akaandikisha majina yao, akanihoji kidogo, akaniachia mwanangu.

Jaji alinihoji mara moja tu. Wazee wananihoji kila asubuhi wakifika zamu: "Mama, uji wa mtoto uko wapi?"